Petroli gani uweke kwenye pikipiki yako: 91, 93 au 95?

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama unaendesha pikipiki ya kawaida ya cc 100 mpaka 150, hizi Boxer, TVS, Haojue, SanLG, Fekon na wenzao, petroli ya kawaida ya sheli inakutosha kabisa, sharti ni moja tu, iwe safi. Ile hela unayotaka kuongeza upate petroli ya bei ya juu iweke kwenye oili na plagi. Ila kama unaendesha chuma kikubwa, KTM Duke, BMW GS, Yamaha R1 au kitu chochote chenye kompresheni (injini inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli) ya 12 kwenda juu, hapo usibanie hata kidogo, namba iliyoandikwa kwenye kitabu ndo hiyo hiyo, ukishuka chini yake unachezea injini ya mamilioni.

Sasa kwa nini iko hivo, na wewe mwenyewe utajuaje pikipiki yako inataka nini, tuende taratibu.

Watu wengi wanapotea hapa mwanzoni kabisa, wanadhani okteni, yaani hizo namba 91, 93 na 95, ni nguvu ya petroli, kwamba 95 ina moto mkali kuliko 91. Hapana wakuu. Okteni ni uvumilivu. Pistoni ikipanda inabana ule mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale kwenye plagi unatembea kwenda pembeni, na wakati unatembea ule mchanganyiko ambao haujaungua bado kule pembeni unazidi kubanwa na kupata joto. Petroli yenye okteni ya kutosha inavumilia mpaka moto uifikie, inaungua kwa utaratibu, pistoni inasukumwa vizuri chini. Petroli yenye okteni ndogo kuliko inavyotakiwa haivumilii, inalipuka yenyewe kule pembeni kabla moto haujafika, na huo mlipuko ndo unaosikia kama kugonga. Ukiendelea kwa muda mrefu unakula uso wa pistoni, unavunja ringi, unatoboa gasketi ya kichwa, mwisho injini inanoki na fundi anakwambia ulete hela ya pistoni mpya na kuchonga silinda.

Namba zenyewe zilitokea Marekani mwaka 1926, mkemia mmoja anaitwa Graham Edgar alichukua vimiminika viwili, kimoja heptani ambacho kinagonga ovyo akakipa 0, kingine isooktani ambacho kinavumilia sana akakipa 100. Kwa hiyo ukisikia petroli ya 95 maana yake inavumilia sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 isooktani na asilimia 5 heptani. Mpaka leo inapimwa kwenye injini maalum ya silinda moja ambayo kompresheni yake inaweza kupandishwa na kushushwa huku inazunguka, ikizungushwa taratibu mizunguko 600 kwa dakika unapata namba ya RON, ikizungushwa 900 na mchanganyiko ukiwa umepashwa moto zaidi unapata MON, ambayo siku zote iko chini. Huku kwetu tukisema 91 au 95 tunaongelea RON.

Unaona sasa, hakuna mahali hapo tumegusa nguvu. Lita moja ya 95 haina nishati ya maana zaidi ya lita ya 91. Kama injini yako haigongi kwenye 91, ukiiwekea 95 itaungua vile vile, spidi ile ile, mlima ule ule. Anayekwambia Boxer yake imeanza kuruka baada ya kuweka petroli ya bei inawezekana kabisa petroli aliyokuwa anaweka mwanzo ilikuwa mbovu, na hiyo ni habari ingine tutaifikia. Na wale wanaosema okteni kubwa inaunguza valvu za pikipiki ndogo nao wasikutishe, haiunguzi kitu, unapoteza hela tu.

Jinsi ya kujua pikipiki yako inataka ngapi

Kwanza kitabu. Najua pikipiki nyingi zinauzwa mkono kwa mkono na kitabu kilishapotea kwa mwenye wa kwanza, lakini vitabu vya karibu modeli zote viko mtandaoni bure kama PDF, andika jina la pikipiki na mwaka wake utakipata, alafu tafuta ukurasa wa mafuta. Saa ingine imeandikwa kwenye stika karibu na mfuniko wa tenki, utakuta "RON 91" au "91 or higher", maana yake 91 au zaidi.

Hapa kuna mtego unawapata wanaoagiza pikipiki zilizotumika au wanaosoma kitabu cha toleo la Marekani. Wamarekani hawaandiki RON kwenye pampu, wanajumlisha RON na MON alafu wanagawa kwa mbili, kwa hiyo namba yao ni ndogo kwa petroli ile ile. 87 ya Marekani ni kama 91 yetu, 91 yao ni kama 95, na 93 yao inakaribia 98. Kwa hiyo kitabu cha Marekani kikikwambia weka 91 usiende kuweka RON 91 ukadhani umetii kitabu, hapo umeshuka namba nne hivi, na kwa pikipiki kubwa namba nne sio mchezo. Kinyume chake pia, jamaa yako aliyeko Ohio akikwambia yeye anaweka 87 kwenye Honda yake usishangae ukaona anaiua, anaweka sawa na 91 ya huku. Ndugu zetu walioko Oman wao wako kwenye RON, pampu za Muscat zimeandikwa 91 na 95, na Dubai utakuta 91, 95 na 98.

Kama kitabu umekosa kabisa, tafuta kompresheni ya injini. Hii ni ile namba kama 9.5:1, inakwambia mchanganyiko uliojaa silinda unabanwa mara ngapi pistoni ikifika juu. Pikipiki nyingi za kazi zinazopozwa kwa upepo ziko kati ya 9 na 10, hapo 91 inatosha. Yamaha YBR125 ni 10, bado uko salama. Royal Enfield Himalayan ile ya 411 ni 9.5 japo ni mnyama mkubwa kwa macho, kwa hiyo ukubwa wa pikipiki usikudanganye. Honda CRF250L ni 10.7. Kuanzia 11 hivi ndo unaanza kuangalia kitabu kwa makini, na ukishafika 12 na 13, KTM 390 Duke iko juu ya 12, BMW R1250GS 12.5, Yamaha R1 13, hapo ni 95 au zaidi bila mjadala.

Lakini kompresheni peke yake haimalizi kila kitu. Yamaha R15 ya toleo la tatu ina 11.6, na India ambako petroli ya kawaida ni 91 watu wanatembea nayo kila siku, kwa sababu inapozwa kwa maji, ina valvu nne na kompyuta inapanga cheche vizuri. Ndo maana nasema kitabu ndo cha mwisho, kompresheni ni ya kukisia tu pale ambapo kitabu hamna. Na hiyo ya India ishike kichwani, maana Boxer na TVS zetu zote zinatengenezwa na kampuni za kule, zimeundwa zikijua zitakula 91, hazijawahi kuomba zaidi.

Kitu kimoja kinachobadilisha hesabu yote ni fundi aliyesaga kichwa cha injini. Wapo wanaosaga ili pikipiki ivute, au kwa sababu kichwa kilipinda kikawa kinavujisha. Angalia hesabu: injini ya cc 150 yenye kompresheni ya 9.5 ina nafasi ya kama cc 17.6 tu juu ya pistoni. Fundi akipunguza cc 2 peke yake inabaki 15.6, ukijumlisha na zile 150 alafu ukagawa kwa 15.6 unapata kompresheni ya 10.6. Yaani cc 2, hata kijiko kidogo cha chai hakijai, umeshatoka kwenye pikipiki ya 91 umeingia kwenye pikipiki inayoweza kugonga kila ikipanda mlima. Ukinunua pikipiki iliyotumika muulize mwenyewe kama kichwa kimeshawahi kusagwa, na kama kimesagwa hizo namba za kitabu uzichukue kwa tahadhari.

Sikiliza injini, alafu fungua plagi

Njia ya uhakika kuliko zote ni injini yenyewe. Chukua pikipiki ikiwa imeshapata moto vizuri, sio asubuhi ikiwa ya baridi, tafuta mlima, panda na gia kubwa kidogo kuliko unavyopanda siku zote, mtu nyuma, alafu vuta resi nzito mizunguko ikiwa chini. Sikiliza. Kugonga kwa petroli kuna sauti yake, ni kelele kavu ya juu juu, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo la bati, inakuja ukivuta resi na inapotea ukiachia. Hiyo ndo yenyewe. Kugonga kwingine kuna tabia tofauti, mlio mzito wa chini unaosikika hata ikiwa imesimama na unaongezeka na mizunguko ni mkono wa pistoni (koneksheni) au bearing, hiyo hata uweke petroli ya ndege haitaacha, ipeleke kwa fundi. Na kile kitikitiki cha juu kinachoenda muda wote hata ikiwa imetulia mara nyingi ni valvu zinataka kurekebishwa.

Ukisikia misumari usiendelee kukaza, shusha gia, punguza resi, injini ikizunguka haraka kidogo inagonga kidogo kwa sababu petroli haipati muda wa kukaa kwenye joto ikajilipukia. Wabeba mshikaki hili mlishike sana, kupanda mlima na watu watatu kwenye gia ya nne ukiwa unabana mafuta ndo njia ya haraka ya kuua pistoni, gia ya pili yenye kelele inakula mafuta kidogo zaidi lakini injini inabaki.

Alafu fungua plagi. Baada ya kutembea kama nusu saa hivi zima injini, subiri ipoe kidogo usije ukaungua na usije ukaharibu meno ya kichwa, toa plagi uiangalie kwenye mwanga wa jua, sio kwenye kivuli cha banda. Kile kikaure, yaani kigae cheupe cha katikati, kikiwa na rangi ya kahawia hafifu, pikipiki yako ina afya. Kikiwa cheusi kavu cha masizi, kabureta inamwaga petroli nyingi. Kikiwa cheusi cha mafuta mafuta, inakula oili. Kikiwa cheupe kabisa, kimekauka, inapata hewa nyingi na inachemka. Sasa kitu cha kutafuta kwa ajili ya okteni ni vidoadoa vidogo sana juu ya kile kikaure, vyeusi au vinavyong'aa, geuza plagi taratibu utaviona vinameta. Vile vinavyong'aa ni aluminiamu. Pikipiki yako haina sehemu ingine mle ndani ya kutoa aluminiamu ila pistoni na kichwa, kwa hiyo unachokiona ni pistoni yako inavyoliwa kidogo kidogo na kubandikwa kwenye plagi. Ukiviona hivyo usiahirishe, leo leo ushughulike.

Sasa kushughulika kwenyewe ni hivi. Kama una sheli yenye petroli ya namba ya juu, jaza hiyo tenki moja, rudi kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule. Mlio wa kugonga ukiisha, basi tatizo lilikuwa okteni, ama petroli ya mwanzo ilikuwa mbovu. Mlio ukibaki, acha kulaumu petroli, kagua pikipiki. Mimi naanzaga na mpira unaounganisha kabureta na kichwa, ule mpira ukipasuka ufa mdogo tu unavuta hewa ya pembeni, mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda, injini inagonga hata kwenye 95. Ipulizie maji kidogo pale kwenye mpira ikiwa inanguruma imesimama, mlio ukibadilika ufa ni hapo. Baada ya hapo plagi yenyewe, kama umewekewa ya moto kuliko ya kitabu. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa mfano Honda CG125 inataka D8EA, ukiwekewa ya 7 ncha yake inabaki na joto kubwa na inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati. Alafu kaboni, injini ya zamani inayokula oili inajenga tabaka gumu jeusi juu ya pistoni, tabaka hilo linapunguza nafasi kwa hiyo linapandisha kompresheni, na linabaki jekundu la moto. Dawa yake ni kufungua kichwa na kukwangua, alafu kutibu huko oili inakotoka. Na mwisho mapezi ya silinda, jamani, pikipiki ya kupozwa kwa upepo ikijaa tope katikati ya mapezi imevalishwa koti, osha.

Mahali ulipo nako kuna kazi yake

Hili watu hawalisemi na lina maana sana kwa wanaosafiri. Chukua boda wa Mbeya, mji uko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inavuta hewa kidogo kila mzunguko, presha ndani ya silinda ni ndogo, petroli ya kawaida inavumilia bila shida yoyote. Siku akishuka na pikipiki hiyo hiyo mpaka Dar, hewa nzito, joto la mchana, foleni ya Ubungo haina upepo, presha na joto vyote vimepanda kwa pamoja, na kama fundi wa Mbeya alikuwa amepunguza jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli) ili isilewe petroli kule juu, huku chini itakuwa inapata petroli kidogo kuliko hewa, ndo inachemka zaidi. Anaanza kusikia misumari ambayo hakuwahi kuisikia, anadhani petroli ya Dar imechakachuliwa. Saa ingine ni kweli, ila aanze na jeti. Wa Nairobi au Eldoret anayeshuka Mombasa ni hesabu ile ile. Afrika Kusini hili wamelipanga kabisa, Johannesburg kule juu sheli zinauza 93 na 95, ukishuka Durban pwani utakuta 95.

Wenye pikipiki za injeksheni hapa mna nafuu, kompyuta inapima presha ya hewa na kurekebisha petroli yenyewe. Na pikipiki kubwa za kisasa kama hiyo R1250GS zina sensa ya kusikia kugonga, zikisikia zinachelewesha cheche, kwa hiyo ukiweka petroli ya chini siku moja haitakufa, itapungua nguvu tu. Boxer haina hiyo sensa, sensa yake ni sikio lako.

Usafi kwanza, namba baadaye

Kwa kweli kwa boda wa kawaida hili ndo suala zito kuliko namba zote nilizotaja. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na ukichanganya hata kiasi kidogo kwenye petroli namba inaporomoka, tena sehemu ya mafuta ya taa haiungui yote, inapenya kwenye ringi inashuka kwenye oili na kuipunguza uzito. Ndo maana serikali zimehangaika sana na hili. Tanzania tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba ili wakaguzi wajue yaliyochakachuliwa, na Kenya mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, makusudi kabisa bei ikaribie ya petroli na dizeli ili mchanganyaji asione faida. Imepungua sana, lakini haijaisha.

Kipimo cha nyumbani unacho. Chukua karatasi nyeupe safi, nenda mbali na moto na mbali na mtu anayevuta sigara, dondosha tone moja la petroli, subiri dakika mbili tatu. Petroli safi inakauka, karatasi inabaki bila alama au na alama hafifu sana. Yenye mafuta ya taa au dizeli inaacha duara la mafuta ambalo halikauki, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona linapitisha mwanga. Kipimo hiki hakikupi namba ya okteni, ila kinakuonesha uchafu ambao ndo unaishusha. Dalili zingine ni moshi mweupe wenye harufu ya jiko la mchina, pikipiki kuwa ngumu kuwaka asubuhi na plagi kuchafuka haraka. Weka mafuta sheli yenye mzunguko mkubwa, ile ambayo magari hayakauki, tenki la chini linajazwa mara kwa mara, petroli haikai ikaingia maji. Na dai risiti kila mara, ukipata tatizo ndo ushahidi wako.

Kuhusu bei, bei ya kikomo kwa Tanzania ni hii ya EWURA, mamlaka ya nishati, inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Kenya wenzao wa EPRA wanatangaza tarehe 14. Sheli inayouza chini sana ya wenzake wote wa mtaa ule jiulize mara mbili kabla hujaingia. Kwenye petroli za bei ya juu, kwa mfano Kenya sheli za Shell zina V-Power pembeni ya ile ya kawaida, unalipia pia dawa za kusafisha njia za petroli, na dawa hizo ni kitu tofauti na okteni, kwa hiyo ukinunua ujue unanunua nini. Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme tofauti ni shilingi 150 kwa lita na unatumia lita 5 kwa siku, hiyo ni 750 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 19,500 kwa mwezi. Kwa Boxer isiyogonga hiyo hela inakaribia oili na plagi, na oili mpya kwa wakati inailinda injini yako kuliko namba yoyote kwenye pampu.

Vichupa, petroli ya ndege na kuchanganya

Vichupa vya kuongeza okteni vinauzwa kila duka la spea. Soma vizuri, vingi vinasema vinaongeza "pointi" 10 au 20, na pointi moja kwenye biashara hiyo ni sehemu moja ya kumi ya namba. Yaani pointi 20 juu ya 91 inakufikisha 93, haikufikishi 111. Vingine vina manganizi ndani yake, ukivitumia sana unakuta plagi imejengeka unga mwekundu mwekundu. Kama pikipiki yako inataka 95 na sheli ina 95, nunua 95, ni rahisi kuliko kichupa.

Petroli ya ndege, ile 100LL, kuna vijana wanaitafuta kwa ajili ya mashindano. Ina risasi, yaani madini ya ledi. Ledi ndo ilikuwa njia ya zamani ya kupandisha okteni, Thomas Midgley aligundua Marekani mwaka 1921, dunia nzima ikaitumia na ikawadhuru watoto wengi kwenye akili zao mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikakubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ni Algeria, 2021. Ukiiweka kwenye pikipiki ya kisasa unaua sensa ya oksijeni na kile kichujio cha ndani ya sailensa, na moshi wake unawapulizia watu wa mtaani kwako. Achaneni nayo kabisa.

Kuchanganya petroli mbili halali hakuna ubaya. Lita 5 za 91 na lita 5 za 95 inakupa kama 93. Kwa hiyo ukiwa na pikipiki ya 95 na umekwama mahali penye 91 tu, usisubiri tenki likauke, weka kidogo ikufikishe, endesha kwa resi nyepesi, alafu ukifika mjini jaza 95 juu yake, namba inapanda yenyewe. Wenye pikipiki za kuchanganya oili na petroli, zile za tu-stroki, fuateni kipimo cha oili kwa uaminifu, oili nyingi inashusha okteni kidogo na kujaza kaboni.

Na petroli ya chupa barabarani, najua vijijini hamna namna, sheli iko kilomita 40. Nunua kwa mtu mmoja unayemjua anayeuza haraka, usichukue chupa iliyoanikwa juani tangu asubuhi, ile sehemu nyepesi ya kuwashia imeshapaa na chupa hiyo ndo itakusumbua kwenye kiki. Inyanyue uiangalie chini kabla hajamimina, maji yanakaa chini yana mstari wake unaoonekana. Mimina kupitia kitambaa safi cha pamba au chujio, weka lita moja moja mpaka ufike, na hiyo safari milima ipande kwa gia ndogo.